Usiung'oe Mukawa wa Mpakani

Mkulima apewapo shamba jipya, kazi ya kwanza aifanyayo ni kufyeka. Hilo si ajabu. Amelitamani shamba miaka mingi, na shamba machoni pake ni udongo uliolimwa, si vichaka. Basi huchukua panga na shoka na jembe, akaanzia upande huu akamalizia upande ule, na jioni lundo la miiba likachomwa moto. Katika lundo hilo, hasa katika nchi kavu ya Kieni na upande wa Laikipia, kuna mti mmoja ambao ni nadra kukosekana, nao ni mukawa. Maoni yetu ni kwamba mti huo, ukiwa umesimama mpakani, haufai kung'olewa. Tena palipo na pengo, yafaa upandwe. Tutaeleza sababu zetu, na ubaya wake pia tutautaja, maana mkulima mwenye akili hanunui ng'ombe kwa kusifiwa pembe.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Mukawa ni jina la Wakikuyu na la Wakamba. Wamasai huuita olamuriaki, Wakalenjin legetetwet, Wajaluo ochuoga, na watu wa pwani mtandamboo. Ni kichaka chenye matawi mengi yaliyosongamana, na ingawa kwa kawaida chasimama chenyewe, kikipata mti mkubwa wa kuegemea huupanda. Majani yake ni mafupi, ya kijani kilichoiva, nayo yang'aa. Miiba yake ni migumu na imenyooka, na mbuzi aliyeipata puani hana haja ya kufundishwa mara ya pili. Ukikata tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo kwa nje, na harufu yake nzuri huwavuta nyuki. Tunda ni dogo la mviringo; huanza kijani, likawa jekundu, na likiiva kabisa huwa jeusi lenye zambarau, tamu na kali kidogo. Kila mtu aliyechunga mbuzi utotoni analijua. Ndilo lililomshibisha mchana, na jioni mama yake alijua ameshinda wapi kwa kumtazama midomo.

Wataalamu wa mimea siku hizi huuita Carissa spinarum, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1771. Vitabu vingi bado vyasema Carissa edulis, na neno hilo edulis kwa Kilatini maana yake ni kitu kinacholika. Jina hilo la pili lilitokana na mimea iliyochumwa Yemen na Forsskål, mtaalamu aliyefia huko mwaka 1763. Maana mukawa si wetu peke yetu. Huota toka Senegal hata Somalia, na kusini hata Afrika Kusini, tena Uarabuni na Bara Hindi. Popote penye vichaka vya nchi kavu kuna mtu anayemwonyesha mtoto wake tunda hili na kumwambia, hili laliwa.

Tunaandika haya Kangari, katika nchi ya chai, ambako mtu hana haja ya kuufikiria sana ua wa shamba lake. Mvua ya Nyandarua haituachi. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka mlangoni, na kigingi kibichi ukikichomeka ardhini leo, si ajabu kukikuta na majani baada ya wiki chache. Mtu aliyekulia hapa akihamia Naro Moru, au Mweiga, au Solio, hufunga desturi za hapa pamoja na magodoro yake. Huenda akapanda kwenye mpaka miche ile ile aliyoizoea nyumbani, akaimwagilia maji ya kuchota mbali, na kiangazi cha kwanza kikaichoma yote. Wakati huo huo mukawa uliokuwa umesimama hapo, ambao haukumwomba hata kopo moja la maji, umekwisha kuwa majivu.

Sababu ya ukavu huo yajulikana. Pepo zenye maji hutoka baharini zikaukuta Mlima Kenya upande wa mashariki na kusini, zikamwaga mvua yao juu ya Meru, Embu na Kirinyaga. Zikifika ng'ambo, upande wa Naro Moru, zimekwisha kukauka. Safu ya Nyandarua nayo huziba upande wake. Kieni imekaa katikati, ikiiona milima miwili yenye mvua bila kuipata. Mti ambao umeishi hapo kwa wakati wote huo umeyashinda mashindano ambayo miche yetu haijaanza kuyakimbia.

Mambo haya yalianza zamani. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipofunguliwa mwaka 1962, familia zaidi ya 30,000 zilipewa vipande katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi Wazungu. Wengi wa watu wetu walitoka Murang'a, Kiambu na Nyeri ya juu, nchi za mvua na za msongamano, na walikuja wakiwa na deni la ardhi begani. Kila ekari ilihesabiwa, na kichaka kilionekana kama ekari iliyoibwa. Afisa wa skimu alitaka kuona maziwa, pareto na mahindi. Hakuna aliyekuja kuuliza juu ya mukawa. Hatuwalaumu wazee wale. Lakini wajukuu wao leo ndio wanunuao seng'enge, na bei ya seng'enge waijua wenyewe.

Tuitazame basi seng'enge hiyo. Ni kitu kizuri siku ya kwanza. Yavutwa, yanyooka, na mwenye shamba huitazama kwa furaha. Kisha mchwa huanza kula nguzo toka chini. Nguzo ya mutarakwa hukaa miaka mingi, lakini mutarakwa wa halali ni ghali, na uliokatwa msituni kwa wizi ni kesi. Nguzo ya mti mwepesi yaanguka upesi, na seng'enge yalala majanini, ng'ombe akaipita. Mara nyingine mwizi huikata usiku na kuikunja, ikauzwa kwa kilo. Sijasikia bado mtu aliyeibiwa ua wa mukawa.

Na ua si jambo la mifugo tu. Wazee wa Murang'a na Nyeri wanakumbuka jinsi mashamba yalivyounganishwa katika miaka ya 1950, wakati wa mpango wa Swynnerton uliotolewa mwaka 1954. Vipande vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, na kila mtu aliambiwa apande ua mpakani. Ua huo ulipokwisha kukua ulionekana katika picha zilizopigwa na ndege, nazo zikasaidia kuchora ramani za ardhi. Kwa hiyo huku kwetu ua ulikuwa mpaka kabla ya mstari wa kalamu. Hata leo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Tena yamtaka mwenye ardhi atunze ua, mawe na alama za mpaka wake, na mtu aharibuye alama hizo kwa makusudi anafanya kosa.

Mkulima na afikiri maana ya maneno hayo. Ndugu wawili wakigawana shamba la baba yao, na ua wa zamani ukang'olewa, kilichobaki ni kumbukumbu ya kila mmoja. Na kumbukumbu ya mpaka ina tabia ya kusogea kidogo kila mwaka, daima kuelekea kwa jirani. Kesi za namna hii hujaza baraza za machifu na mabaraza ya wazee. Mti wenye mizizi mirefu, unaochipuka tena ukikatwa, usioliwa na mchwa wala kuhamishwa usiku, ni shahidi asiyehongwa.

Watu wengine hutuambia: kweli, ua wa miti ni mzuri, lakini kuna miti ya kigeni ikuayo upesi kuliko mukawa. Hilo pia ni kweli, na hapa ndipo twaomba msomaji asimame kidogo.

Nenda Laikipia, upande wa Doldol, ukautazame mpungate. Uliletwa wakati wa ukoloni kutoka Marekani, na ulipandwa kuwa ua. Ulikua upesi kama ulivyosifiwa, tena bila maji. Nyani na tembo wakala matunda yake wakazitawanya mbegu, na kila kipande kilichoanguka kikatoa mizizi. Leo nchi kubwa ya malisho imefunikwa, na mbuzi na ng'ombe walao matunda yake hujazwa vimiiba midomoni na tumboni. Imekuwa lazima kuleta wadudu maalumu waunyonyao mpungate ili kuupunguza. Ua uliopandwa kuzuia mifugo ya watu umekuwa ndio wenye kuila.

Lantana nayo ililetwa kwa sababu ya maua yake ya kupendeza, na wengi waliifanya ua. Ndege hula vitunda vyake na kuvipeleka kila mahali. Ng'ombe alaye majani yake huugua ini, ngozi ikachubuka juani. Kila mkulima wa Murang'a ameing'oa lantana na kuikuta imerudi.

Tena kuna mbono. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikienda kwisha, watu walipita vijijini wakisema mbegu za mbono zitatoa mafuta ya magari, na mkulima wa nchi kavu atatajirika. Wengi wakapanda, wengine wakang'oa mahindi ili kuipa nafasi. Mwaka 2009 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa na wataalamu, pamoja na wale wa ICRAF na KEFRI, kwa msaada wa Wajerumani, nayo ikasema wazi kwamba mbono haimlipi mkulima mdogo ila akiipanda kama ua tu. Sisi hatutaki mukawa uuzwe kwa maneno ya namna hiyo. Hatusemi kwamba utakutajirisha. Matunda yake ni madogo, huiva kidogo kidogo, na kuyachuma kati ya miiba ni kazi ya watoto wenye subira. Yafaa kuliwa, yafaa kupikwa jemu ya nyumbani, na kijana mwenye bidii aweza kuyapeleka sokoni Karatina katika kikapu akapata pesa za daftari. Zaidi ya hapo, anayekuahidi mengi mwulize yeye amepanda ekari ngapi.

Kaiyaba twaiweka mbali na hiyo mingine. Nayo ni mgeni, ilitoka Afrika Kusini kwenye Mto Kei uliolipa jina lake, lakini ni mgeni mwenye adabu. Miiba yake ni mirefu kuliko ya mukawa, ua wake hauna mfano, na wavumilia ukame. Mwenye ua wa kaiyaba na autunze. Twasema tu kwamba kaiyaba utainunua au utaiotesha, na mukawa huenda umekwisha kuwa nao shambani, umeota bure, una umri wa miaka ishirini, na wewe unatafuta shoka.

Sasa tuyataje malalamiko. La kwanza ni kwamba mukawa hukua polepole. Ni kweli. Ukipanda mche, usitazamie ua wa kumzuia mbuzi kabla ya miaka mitatu au minne, na penye ukavu mwingi zaidi ya hapo. Ndiyo sababu twasema kwanza usiung'oe uliopo. La pili ni ndege. Kuzumburu na ndege wengine hupenda matunda yake na hulala ndani yake, na mwenye bustani ya matunda karibu na ua atawaona. Hatuna dawa ya hilo, ila ua upogolewe usiwe mnene kupita kiasi, na miche ya matunda ipandwe mbali nao kidogo. La tatu ni kwamba hula ardhi. Mukawa ulioachwa bila kukatwa hutambaa, tena hutoa machipukizi kutoka mizizini, na baada ya miaka kumi waweza kuchukua hatua tatu za shamba kila upande. Huo ni uvivu wa mwenye panga. Kata mara moja kila mwaka, pande zote mbili, jirani akate kwake nawe kwako, na ua utabaki upana wa mita moja.

La nne latoka kwa wakulima walio karibu na msitu: je, utamzuia tembo? Hautamzuia. Tembo hupita katikati ya mukawa kama mtu apitaye katika nyasi. Kazi hiyo ni ya nyaya za umeme, kama ule uzio wa Nyandarua uliomalizika mwaka 2009 wenye urefu wa yapata kilomita 400. Mkulima anayeambiwa kwamba mti wowote utamzuia tembo anadanganywa.

Na kwenye malisho, mbali na mpaka, hatuwi wakali. Malisho yakichoka kwa kulishwa kupita kiasi, nyasi hupungua na vichaka huzidi, mukawa ukiwa mmoja wao. Hapo mfugaji ana haki ya kufyeka, ingawa afadhali atibu ugonjwa wenyewe kwa kupunguza mifugo au kuyapumzisha malisho. Aache vichaka vichache vya kivuli na vya nyuki. Katika kiangazi kikali majani ya mukawa huliwa na mbuzi na ngamia, na siku hizo mkulima haoni aibu kulisha miiba.

Kuna jambo jingine linalotutia wasiwasi zaidi kuliko panga la mfyekaji, nalo ni jembe la mchimba mizizi. Mizizi ya mukawa ina sifa. Wakikuyu na Wamasai huichemsha katika supu ya mbuzi, na wengi huamini kwamba yatia nguvu na kutuliza kifua, tumbo na maumivu ya viungo. Siyo maneno ya wazee tu: mwaka 2006 wataalamu wa KEMRI waliandika kwamba maji ya mizizi hiyo yalipambana na virusi vya herpes katika maabara na katika panya. Panya si mtu, na mgonjwa apelekwe hospitali. Lakini twaona kwamba wazee hawakuwa wakichemsha kuni tu.

Sifa hiyo imekuwa balaa ya mti. Penye vibanda vya nyama na supu mizizi yanunuliwa, na vijana wasio na kazi wameona pesa ya haraka. Huchimba usiku kwenye mpaka wa mtu, au mchana kando ya barabara, wakauondoa mti mzima mpaka shina la mwisho, wakaacha shimo. Mwenye shamba hupoteza ua, na pengine mpaka. Mti wa miaka thelathini huuzwa kwa pesa ya chakula cha jioni. Tena kuna wenye mashamba ambao huwaruhusu kwa malipo kidogo, wakidhani wamepata faida. Hao twawaambia wahesabu gharama ya nguzo na seng'enge za kuziba shimo lile, kisha watoe ile pesa waliyopokea.

Njia ya kuchimba bila kuua ipo, na wazee waliijua. Chimba upande mmoja tu wa kichaka. Tafuta mizizi ya pembeni iliyo nene kama kidole, kata miwili au mitatu, uache ule mkubwa unaoshuka chini. Rudisha udongo, kanyaga. Kichaka hicho kisiguswe tena mpaka misimu kadhaa ya mvua ipite. Machifu na kamati za skimu wangefanya vyema kupiga marufuku uchimbaji wa mukawa kando ya barabara na kwenye mipaka bila idhini ya wenye mashamba wote wawili. Twaandika hivi tukijua kwamba watu wa supu hawatatupenda.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mzazi yeyote aliyehamia nchi kavu kutoka nchi ya chai hana budi kulisoma mara mbili. Katika vichaka vile vile vyenye mukawa huota ndugu yake mwenye sumu. Wakikuyu humwita murichu, Wamasai olmorijoi. Wataalamu humwita Acokanthera. Ndiye aliyetumiwa tangu zamani kutia sumu kwenye mishale. Sumu yake iitwayo ouabain ilitengwa na mwanakemia wa Ufaransa, Arnaud, mwaka 1888, na husimamisha moyo. Yuko hata panya mmoja mwenye manyoya marefu katika nchi yetu ambaye, kama wataalamu walivyoeleza mwaka 2011, hutafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake manyoyani, na mbwa amwumaye huweza kufa.

Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja na hufanana. Yote ina utomvu mweupe, kwa hiyo utomvu haukufundishi lolote. Yote ina maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri. Yote ina matunda ya mviringo yanayoiva yakawa ya zambarau. Alama ya kutazama ni mwiba. Mukawa una miiba. Murichu hauna mwiba hata mmoja. Tena majani ya murichu ni makubwa zaidi na magumu kama ngozi, na tunda lake ni kubwa kuliko la mukawa. Mtoto aliyezaliwa Naro Moru amefundishwa haya na wachungaji wenzake. Mtoto aliyetoka Kangari jana hajafundishwa na mtu. Baba au mama amshike mkono, wakatembee mpakani, amwonyeshe miti yote miwili, na amwekee sheria ya nyumbani: tunda lisilo na mwiba karibu yake haliguswi. Kusikia kwamba watu fulani mahali fulani hula tunda la murichu likiiva kabisa kusimfanye mtu yeyote ajaribu. Na kuni za murichu zisitumiwe kuwa vijiti vya kuchomea nyama.

Watu hutuuliza kama inafaa kuung'oa murichu. Ukiwa karibu na nyumba au shule, ung'oe. Ulio mbali malishoni ni shauri lako.

Kwa yule aliyekubali maneno yetu na ana pengo la kuziba, kazi ni hii. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaliyo meusi. Yakamue mkononi, utoe mbegu, uzioshe ule utelezi wote kwa maji, kisha uzianike kivulini kwa muda mfupi tu. Usiziweke mpaka msimu mwingine, maana mbegu mbichi ndiyo iotayo vizuri. Hazihitaji kuchemshwa wala kukwaruzwa. Zipande kitaluni penye kivuli chepesi, juu yake nyasi kavu kidogo, na umwagilie maji bila kuyazidisha. Zikiota, hamishia miche katika mifuko au makopo ya kale yaliyotobolewa. Asiye na subira ya mbegu na atafute machipukizi madogo yaliyoota chini ya kichaka kikubwa, ayang'oe na udongo wake siku ya mvua.

Panda mpakani mwanzoni mwa mvua ndefu, mashimo yakiwa umbali wa futi moja na nusu, kwa mistari miwili inayopishana ikiwa una miche ya kutosha. Funika mche na matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi hupenda mukawa mchanga kabla haujajua kujitetea. Palilia mwaka wa kwanza na wa pili. Mche ukifika kimo cha goti, ukate ncha yake. Wengi huona uchungu kufanya hivyo, lakini mukawa usiokatwa ncha huenda juu, ukaacha nafasi chini ya kupita kuku na mwana-kondoo. Ukate tena ukifika kiunoni. Matawi uliyoyakata usiyachome. Yalaze chini ya ua, kwenye matundu, miiba ikielekea nje.

Na kabla hujapanda, mwite jirani yako. Vuteni kamba pamoja kutoka jiwe la mpaka hata jiwe la mpaka, wazee wawili wakitazama, ili ua usimame pale mlipokubaliana nyote wawili.